Mlima Usio na Mshipa

Shuleni tulifundishwa kwamba mandhari ni mahali ambapo matukio ya hadithi hutokea. Unaandika "mandhari ya kijijini na mjini", unapata alama zako mbili, unahamia kwa wahusika. Nami nilimaliza kidato cha nne na mandhari yangu hiyo mfukoni, nikakaa kuandika riwaya. Sura ya kwanza nikamweka tajiri wangu katika "jumba la kifahari lililozungukwa na bustani ya kuvutia". Mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha kusomeana akaniuliza: mlango wa jumba hilo unatazama wapi? Nikacheka. Akauliza tena: na mama mzazi wa huyo tajiri analala chumba gani? Hapo sikucheka, maana sikuwa najua.

Jibu nimelikuta mbali kweli, kwenye riwaya ya Kichina ya karne ya 18, Hong Lou Meng, yaani Ndoto ya Jumba Jekundu, ya Cao Xueqin. Juzuu ya kwanza ya tafsiri ya Kiingereza ya David Hawkes niliipata kwenye vitabu vya mitumba, jalada limeliwa na mende. Nyingine nikaziazima baadaye. Ni sura 120, ingawa wataalamu wengi husema Cao mwenyewe aliandika 80 za mwanzo, na kitabu kizima kilipigwa chapa 1791, yeye keshakufa. Na majina, jamani! Ilinibidi nichore ukoo wao nyuma ya daftari.

Huwezi kuonja riwaya hii bila kuijua feng shui. Ndugu msomaji, usikimbilie vile vijitabu vinavyokufundisha uweke kioo wapi ili upate pesa. Maana ya neno ni "upepo na maji". Wachina wa kale waliamini kuwa ardhi ina pumzi, qi, inayopita milimani kama damu inavyopita mishipani. Upepo huitawanya, maji huizuia isipotee. Maandishi ya zamani ya fani hii yalihusu makaburi: umlaze wapi baba ili wajukuu wastawi. Nyumba za walio hai nazo zikapangwa kwa utaratibu huo. Mlima uwe nyuma, kaskazini; maji mbele, kusini; mashariki kilima cha Joka, magharibi cha Simbamarara Mweupe. Ushirikina? Upo, na baada ya 1949 serikali ya China iliupiga vita. Lakini kaskazini ndiko unakotoka upepo mkali wa baridi, na kusini ndiko liliko jua. Hapo mzee wa feng shui na fundi mwashi wanakubaliana.

Chukua nyumba ya ua ya Beijing. Majengo manne yanazunguka ua. La kaskazini, linalotazama kusini, ni la wazee. La mashariki la mwana mkubwa, la magharibi la mdogo. Safu ya kusini, iliyolipa jua mgongo, ndiko wanakowekwa watumishi. Lango halikai katikati, liko kona ya kusini-mashariki, na ukiingia unakutana uso kwa uso na ukuta, huoni ndani. Wanasema pepo wabaya huenda moja kwa moja, hawajui kukata kona. Nadhani na mbea wa mtaa pia. Sasa niambieni, hapo mwandishi ana kazi gani ya kueleza nani mkubwa na nani mdogo? Mtumishi akivuka ua na beseni la maji ya moto, tumeshaelewa.

Cao analijua hili kuliko sisi. Sura ya 17, ukoo wa Jia umejenga bustani kubwa kwa sababu binti yao, suria wa mfalme, atakuja kuwatembelea usiku mmoja. Usiku mmoja tu, bwana! Baba, Jia Zheng, anamzungusha mwanawe Baoyu ampime akili: kila mahali apape jina. Nakiri mara ya kwanza sura hii ilinichosha, nikaruka kurasa. Niliporudi ndipo nikaona. Mlangoni kuna kilima cha mawe kinachoziba macho, wanakisifu kwamba bila hicho bustani yote ungeimaliza kwa jicho moja. Baadaye wanafika kwenye kijiji cha kutengeneza: ukuta wa udongo, paa za nyasi, mashamba ya mboga. Baba anapapenda, eti panamtamanisha kustaafu akalime. Baoyu anapinga. Anasema hapa ni pa uongo: hapana kijiji jirani, mlima wa nyuma hauna mshipa, maji ya mbele hayana chemchemi. Baba anawaka, anaamuru atolewe nje, halafu hapohapo anamwita arudi atunge tena.

Nilikiweka kitabu chini. Mtoto yule alikuwa anahakiki riwaya yangu. Jumba langu la kifahari halina mshipa: fedha zilitoka wapi, kiwanja kilikuwa cha nani, maji ya bustani ile yanatoka bomba gani wakati mtaa mzima una ndoo kichwani?

Baadaye vijana wa ukoo wanahamia bustanini, na tazama nani anapata wapi. Daiyu, binti yatima mwenye kikohozi, anachagua nyumba ya mianzi, kivuli na ukimya. Chumba cha Baochai ni cheupe na kitupu, mpaka bibi mkubwa anaona ni mkosi kwa msichana mdogo kuishi hivyo. Ukifika mwisho, Baochai anapoachwa na mume aliyekwenda utawani, utamkumbuka bibi. Na kile kijiji cha uongo? Anakaa Li Wan, mjane kijana. Mwanamke anayetakiwa aishi kama hana tamaa tena ndiye anayeangukia nyumba ya kuigiza umaskini. Cao haongezi neno. Sisi tungemwaga machozi kurasa tatu.

Wapo watakaosema basi Cao ni mwumini wa feng shui. Sikubaliani. Bustani imepangwa vizuri mno, na bado inakufa. Maji yake yameingizwa kupitia bustani ya zamani ya jumba la Ning, lile tawi la ukoo lililooza kwa anasa. Daiyu mwenyewe anakataa kuyatupa maua yaliyopukutika katika maji hayo. Humu ni safi, anasema, lakini yakitoka nje yanachafuka. Na sura ya 74 wenyewe kwa wenyewe wanapekua masanduku ya wajakazi usiku. Ukuta wa kuzuia pepo ulikuwa umesimama palepale.

Mwandishi huyu hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Familia yake ilikuwa tajiri mjini Nanjing, mali ikachukuliwa na mfalme yeye bado mdogo, wakahamia Beijing. Beijing nako ikulu iliyojengwa 1406 hadi 1420 haikuwa na mlima nyuma, maana mahali pale ni tambarare. Wakautengeneza: udongo wa handaki la maji lililozunguka ikulu ukarundikwa kaskazini, ndio kilima cha Jingshan. Mbele wakachimba kijito. Mlima usio na mshipa, maji ya kupitishwa, Baoyu angecheka. Mwaka 1644 waasi walipoingia mjini, Chongzhen, mfalme wa mwisho wa Ming kutawala Beijing, alikwenda kwenye kilima hichohicho cha ulinzi akajinyonga. Enzi iliyofuata, Qing, ikaingia ikulu ileile, kilima kilekile nyuma yake, ikatawala hadi 1912.

Nimeirudia sura yangu ya kwanza. "Bustani ya kuvutia" nimeifuta. Kiwanja sasa kilikuwa cha mjane aliyelipwa nusu, na mama wa tajiri nimempa chumba cha uani, karibu na jiko, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mlango bado. Mara ninauelekeza barabarani, mara kule kwa mjane, na kila nikiugeuza yule tajiri anabadilika sauti.