Tusiukate utendi kichwa tunapojenga maonyesho ya mtandaoni

Wiki mbili zilizopita wanafunzi watatu wa shahada ya kwanza walinibishia mlango ofisini wakiwa na kipakatalishi kimoja na furaha ya watu sita. Walikuwa wamemaliza kujenga maonyesho ya mtandaoni kuhusu Utendi wa Mwana Kupona, na walitaka niyapitie kabla hayajafunguliwa kwa umma. Niliwaonya kwamba mimi nikiombwa maoni huyatoa yote. Wakasema hawana neno. Hata ruhusa ya kuyaandika hapa walinipa, ila majina yao nisiyataje.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Kurasa zinapendeza. Picha za muswada ziko wazi kiasi kwamba unaweza kuona mahali kalamu ya mwandishi ilipokauka wino na ilipochovywa tena. Rangi hazipigi kelele. Kwa vijana ambao mwaka uliopita hawakujua hata kupunguza ukubwa wa picha, hii si kazi ndogo. Kasoro ninazozijadili leo hazitokani na uvivu. Zimetokana na jinsi programu waliyoitumia inavyomzoesha mtu kufikiri, na ndiyo maana nimeona zinatuhusu sote tunaotamani kuona fasihi ya Kiswahili ikipata makao mtandaoni.

Programu yenyewe inaitwa Omeka S. Usishangae jina. Programu za Omeka zilianza mwaka wa 2008 katika kituo cha Roy Rosenzweig kwenye Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na waanzilishi wake hueleza kuwa walilichukua jina hilo kutoka Kiswahili, kwa maana ya kutandaza bidhaa, kufungua mizigo na kusema bayana. Niliwauliza wageni wangu kama wamewahi kumsikia mtu akiomeka. Wakacheka. Mimi nami, katika masoko yote ya Pwani niliyozurura, nimewasikia wachuuzi wakipanga, wakitandaza na wakianika. Anayeomeka bado sijakutana naye! Hata hivyo silichukii jina hilo. Mchuuzi anapotandaza mkeka wake huamua embe gani likae mbele na lipi lifichwe nyuma, na uamuzi huo ndio kiini cha malalamiko yangu.

Kwa asiyeijua kazi hii, maonyesho ya aina hii hujengwa hivi. Kwanza unaingiza vipengee, yaani picha, sauti au matini, kimoja kimoja, pamoja na taarifa za kukitambulisha kila kimoja. Kisha unaunda ukurasa kwa kupachika bloki moja chini ya nyingine. Kuna bloki ya maandishi, bloki ya kuonyesha kipengee, bloki ya kupachika picha au sauti, na nyingine kadha. Bloki unaweza kuishika kwa kipanya ukaipandisha, ukaishusha au ukaiondoa. (Nimetumia neno bloki kwa kuwa ndilo analolielewa fundi wa mjengo hapa kwetu, na wanafunzi walilitumia bila kuulizana. Kuna atakayependekeza kitalu au kijenzi. Sina ugomvi naye, mradi asitusubirishe.) WordPress nayo ilihamia kwenye mtindo huu wa bloki mwishoni mwa 2018, kwa hiyo hata anayejenga tovuti ya shule au ya msikiti leo anapanga bloki.

Haya, tufungue ukurasa wa kwanza. Juu kabisa kuna picha ya mlango wa kuchongwa wa Lamu. Chini yake kuna bloki yenye beti tano kuhusu namna mke anavyopaswa kumhudumia mumewe, na kando yake maelezo ya Kiingereza yenye kichwa kinachosema kuwa hapa ndipo tunapomwona mwanamke Mswahili wa karne ya 19. Kinachofuata ni ramani, kisha picha za muswada, kisha historia fupi ya mtunzi.

Niliwauliza mwanzo wa utendi uko wapi.

"Mwalimu, kule mwanzo ni kama salamu tu," mmoja akanijibu. "Tukaona tuanze penye utamu."

Hapo niliweka kikombe cha chai chini. Aliyeusoma utendi huu anajua kuwa haukuanza kwa salamu. Unaanza kwa mama mgonjwa. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu, aliutunga mnamo 1858 akiwa ameugua kwa mwaka mzima. Anamwita bintiye asogee karibu, aketi, alete wino na karatasi, kwa maana ana neno moyoni analotaka kumwachia. Yote yanayofuata, yakiwemo hayo ya mume yaliyowavutia wanafunzi wangu, ni wasia wa mtu anayehisi kuwa siku zake zinahesabika, na msikilizaji wake ni mtoto wa kike mmoja aliyeketi mbele yake. Ukiiondoa bloki hiyo ya kwanza, sauti ya mama inageuka kuwa sauti ya sheria. Maneno ni yale yale, herufi haikupungua hata moja, lakini utendi si ule tena.

Isitoshe, mtunzi mwenyewe alikuwa na mpango wake. Anapowataja ambao binti anapaswa kupata radhi yao, anaanza na Mungu, kisha Mtume, kisha baba, kisha mama. Mume ni wa tano. Kwenye maonyesho haya mume amekuwa wa kwanza, na wale wanne hawapo kabisa! Na dua ndefu ya mwishoni, ambamo mama anajiombea yeye, watoto na jamaa zake, imekuwa kiungo cha kubofya kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Mgeni anayeingia hapa ataondoka akiamini kuwa Mwana Kupona aliandika mwongozo wa ndoa.

Huu si mzozo wa wapenda ushairi peke yao. Kwa miaka mingi wahakiki wamebishana iwapo utendi huu unamkandamiza mwanamke au una akili nyingine chini ya utii unaoonekana juu. Ann Biersteker aliutazama upya mwaka wa 1991 kwa kuuliza maswali kuhusu lugha na mamlaka. Maswali kama hayo yanawezekana tu pale msomaji anapoupata muktadha wa usemi: nani anasema, anamwambia nani, katika hali gani. Maonyesho yaliyokata kichwa na miguu yameshaujibu mjadala huo kwa niaba ya msomaji, tena bila kumwambia.

Mwanafunzi wa pili, ambaye nadhani ndiye mhandisi wa kundi, alijitetea vizuri. Alisema msomaji wa mtandaoni hana subira, na kwamba wengi hawaingii kwa mlango wa mbele. Wanatafuta neno kwenye Google na kujikuta katikati ya ukurasa wa nne. Nakiri kuwa ana hoja. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia yeye. Ikiwa mgeni anaweza kuingia kwa dirisha lolote, basi kila chumba kinahitaji kitu cha kumweleza yuko nyumba ya nani. Sentensi moja tu juu ya kila ukurasa ingetosha: haya ni maneno ya mama mgonjwa kwa bintiye.

Na jambo hili washairi wetu walilijua kabla ya tarakilishi kuzaliwa. Utendi wenyewe umejengwa kwa bloki. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani minane, na mitatu ya kwanza ina kina chake kinachobadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Ukiutazama peke yake, unaweza kuung'oa na kuuhamisha kama tofali. Lakini mshororo wa nne una kina cha bahari, kile kinachorudi katika kila ubeti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, iwe beti ni mia moja au elfu moja. Msikilizaji aliyechelewa, akaingia barazani utendi ukiwa katikati, anasikia kina hicho na mara moja anajua kuwa anachokisikia ni sehemu ya kitu kirefu zaidi. Hicho ndicho nilichokikosa katika kurasa za wanafunzi wangu. Kila bloki imejitosheleza. Hakuna inayoikumbuka mwenziwe.

Tena tusidanganyike kuwa ubeti hujitosheleza kila wakati kama tunavyowafundisha watahiniwa wa sekondari. Katika tendi maana huvuka mpaka: mtunzi anaanza jambo katika ubeti mmoja, analimalizia katika wa pili au wa tatu. Anayekata beti kwa mkasi lazima asome za jirani kwanza.

Kasoro ya pili niliigundua kwa bahati. Betri ya kipakatalishi ilizimika, nikaufungua ukurasa wa muswada kwa rununu yangu. Kwenye kioo kipana walikuwa wamepanga safu mbili. Upande mmoja kulikuwa na picha ya ukurasa mzima wa hati ya Kiarabu, na upande wa pili beti zake kwa herufi za Kilatini. Mpangilio mzuri sana kwa anayetaka kujifunza kuisoma hati hiyo. Kwenye rununu safu mbili zikawa moja. Picha yote ikatangulia, beti zote zikafuata chini, na ili nilinganishe mshororo na mshororo ilinibidi nipande na kushuka kama mkwezi wa mnazi. Wakenya wengi watauona ukurasa huu kwa rununu. Dawa yake ni rahisi ingawa inachosha: kata picha ubeti kwa ubeti, na uweke kila kipande cha hati pamoja na unukuzi wake katika bloki moja. Hapo ukubwa wa kioo hauwezi kuwatenganisha. Kwa utendi mzima hiyo ni kazi ya majuma, lakini kwa beti kumi teule ni kazi ya alasiri mbili.

Pia, pale walipoipiga chapa hati ya Kiarabu badala ya kuweka picha, hawakuiambia programu kuwa maandishi hayo yanasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Alama za uakifishaji zikarukia upande usio wake. Ni jambo la kurekebisha kwa dakika moja, basi.

Kasoro ya tatu haionekani kwenye ukurasa, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Omeka hutumia vipengele vya Dublin Core kuvitambulisha vitu: anwani, mtunzi, mada, tarehe, lugha na vinginevyo. Ni mfumo uliozaliwa Dublin, Ohio, mwaka wa 1995, na umeenea kote duniani. Wanafunzi walijaza kila nafasi kwa Kiingereza. Katika nafasi ya mtunzi waliandika Mwana Kupona, ambayo ni sawa kwa utendi, lakini picha ile ni ya nakala iliyoandikwa na mkono wa mtu mwingine, na mkono huo haukupewa hata neno "mnukuzi". Katika nafasi ya mada hakuna wasia, hakuna utendi, hakuna Kiamu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Lamu atakayetafuta "wasia wa mama" kwenye maonyesho yenye wasia wa mama ataambiwa hakuna kitu.

Walisema mfumo uliwalazimisha. Sikukubali. Omeka S inakuruhusu kuijaza nafasi moja mara nyingi, na kila jibu ukaliwekea alama ya lugha yake. Inakuruhusu pia kujenga tovuti mbili juu ya ghala moja la vipengee, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa kurasa, bila kuingiza picha mara mbili. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuufanya Kiswahili kuwa maelezo madogo chini ya picha katika maonyesho ya kazi ya Kiswahili. Programu iliyojiita kwa neno la Kiswahili haikuwakataza kuandika Kiswahili. Walijikataza wenyewe, kwa sababu violezo vyote walivyoviona darasani vilikuwa vya Kiingereza. Hilo ni kosa letu walimu, na mimi nimo.

Alhamisi iliyopita walinitumia kiungo kipya. Bloki ya kwanza sasa ni picha ya ukurasa wa mwanzo wa muswada, na chini yake kuna sentensi mbili za Kiswahili kuhusu mama anayeugua na binti aliyeitiwa wino na karatasi. Mume amerudi katika nafasi yake ya tano. Nafasi za mada zimeanza kujazwa kwa Kiswahili, ingawa "wasia" wameuandika "usia" katika vipengee sita na "wasia" katika vinne, nami nimewaambia wachague tahajia moja au waweke zote mbili kila mahali. Dua ya mwishoni bado ni kiungo cha kubofya. Nimewarudishia kazi hiyo na ombi moja: kabla hawajaniletea tena, kila mmoja aufungue ukurasa huo kwa rununu ya mamake nyumbani, akae kando yake, amwache ausome mwenyewe.