Ndoo ya Kaa Haidanganyi

Ukitaka kumpima dereva wa gari la gia, usimtazame mikono tu. Panda pikapu ya samaki inayotoka Vanga alfajiri kwenda Ukunda, keti kando yake, weka ndoo ya maji na kaa kati ya miguu yako. Kabla hamjafika Lunga Lunga, ndoo imeshakwambia.

Kwenye tuta. Tuta likikaribia, dereva hupangua gia. Asiyejua huingiza ya chini na kuachia klachi papo hapo. Gari linainama kama aliyesukumwa kisogoni, maji yanakumwagikia miguuni. Kosa ni la hesabu. Tuseme gia ya 4 ni moja kwa moja na ya 3 ni 1.5 kwa moja: injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kwa mwendo uleule sasa inatakiwa izunguke 3,000. Usipoziongeza hizo 1,000 kwa mguu, zitavutwa kutoka kwenye tairi, na klachi ndiyo itakayolipa. Fundi hupiga resi fupi klachi ikiwa chini, kisha huachia. Maji yanatikisika tu.

Kwa sikio. Resi nzuri ni fupi na inapanda mara moja. Ikizidi, gari litaruka mbele. Ikipungua, utasikia injini ikiguna.

Kwa mkono. Gia iingie kwa vidole viwili. Anayeisukuma kwa bega anasaga meno ya gia.

Klachi mara mbili. Kanyaga, toa gia hadi frii, achia; piga resi; kanyaga tena, ingiza, achia. Ule mwachio wa katikati ndio siri: injini inapata kuzungusha shafti ya ndani ya giaboksi hadi meno yalingane. Kwenye Land Rover za kabla ya 1971 huna hiari, kwani gia ya 1 na ya 2 hazikuwa na sinkromeshi, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla ya meno kushikana. Lakini sinkromeshi ipo tangu Cadillac ya 1928, na kwenye Hiace yenye giaboksi nzima kukanyaga mara moja kunatosha. Anayekanyaga mara mbili humo anajionyesha tu, isipokuwa pete za shaba za sinkromeshi zimelika.

Kwenye mteremko. Hapa ndipo mtihani mkubwa. Kutoka Kwale mjini kushuka Kombani na lori la mchanga, dereva wa kweli hupangua gia akiwa bado juu, kabla barabara haijainama. Anayengoja katikati ya mteremko, gia ikimkatalia, amebaki na frii na breki zinazonuka.

Kwa hiyo usimsifu dereva kwa kelele za injini. Mkifika Ukunda, tazama miguu yako. Ikiwa mikavu, mlipe, na umuulize kesho anaondoka saa ngapi.