Kinachozuia ni msuli au mfupa?

Mwalimu wa yoga anauamuru mwili asioukalia. Anasema "shuka zaidi", "nyoosha goti", "geuka", na maumivu yakija yanampata mwanafunzi. Ndiyo maana anatomia si somo la pembeni katika kazi yake. Inamwezesha kujibu swali moja kabla hajamgusa mtu: kilichomsimamisha hapa ni nini? Kama ni msuli uliokaza, muda na subira vitaulegeza. Kama ni mfupa uliogota kwenye mfupa, hakuna subira itakayousogeza, na nguvu yoyote ya ziada itakwenda kuumiza kiungo kingine.

Hoja hii naiweka Bariadi, mkoani Simiyu nchini Tanzania, kwa makusudi. Yoga bado ni ngeni kwa wakazi wengi wa mkoa huo, lakini mazoezi ya pamoja si mageni tena nchini. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Mwalimu wa yoga atakayefika Bariadi atapokea wakulima wa pamba, akina mama wanaobeba ndoo kichwani na vijana wanaoshinda juu ya bodaboda. Miili hiyo imeshafanya kazi ya siku nzima kabla mkeka haujatandikwa. Atakachofundisha kitategemea anavyoisoma.

Mfano wa karibu wa kufundisha walimu uko Nairobi. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha Africa Yoga Project, mradi uliochukua vijana wa mitaa ya kipato cha chini na kuwafanya walimu wa yoga wanaolipwa. Njia ya mradi huo ni ile inayotumika sehemu nyingi duniani: kozi ya saa 200. Yoga Alliance, chama cha Marekani kinachosajili shule za walimu, zamani kilitaka angalau saa 20 kati ya hizo ziwe za anatomia na fiziolojia. Katika viwango vyake vipya kimepandisha hadi saa 30. Bado ni muda mfupi. Saa hizo hazitoshi kukariri majina ya mifupa 206 ya mtu mzima, na wala haifai zitumike hivyo. Zinatosha kabisa kama zitajengwa juu ya mikao michache ambayo mwalimu ataifundisha kila siku.

Tuanze na kuinama mbele. Mtazame mwanamke anayepalilia pamba kwa jembe la mkono. Miguu ameitanua, magoti ameyalegeza kidogo, na mgongo umenyooka kutoka kiunoni hadi kisogoni. Mkunjo wote uko kwenye nyonga. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, huinama vivyo hivyo. Sasa mwambie mwanamke huyo asimame miguu pamoja, akaze magoti, kisha aguse vidole vya miguu. Misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa juu kwenye mifupa ya kukalia na chini kwenye mifupa ya mguu, ng'ambo ya goti. Goti likikazwa, misuli hiyo inavutika pande zote mbili, na isipoweza kuvutika zaidi inaizuia nyonga kukunja. Lakini amri bado ni "shuka", na mwili utatii kwa njia nyingine: kiuno kitapinda. Mzigo uliokuwa wa nyonga umehamia kwenye diski zilizo kati ya pingili za kiuno.

Mwalimu asiyejua anatomia anaona vidole vimekaribia miguu, anafurahi, anaweka kiganja mgongoni na kusukuma. Anayejua anaangalia mahali mkunjo ulipo. Akiona kiuno kimebinuka kwa nyuma na nyonga imesimama palepale, anatoa amri ndogo tu: legeza magoti. Nyonga ikikunja mara moja, jibu limepatikana. Kilichozuia kilikuwa msuli, na msuli unafanyiwa kazi polepole kwa wiki nyingi. Magoti yamelegezwa na bado mtu anakwama, tena anasikia kubanwa sehemu ya kinena? Hapo huenda ni mfupa au kiungo chenyewe. Mwalimu anaishia hapo na kumpa mkao mwingine.

Saa ya darasa nayo ina anatomia yake. Usiku mtu akiwa amelala, diski zinafyonza maji na kuvimba. Ndiyo maana tunaamka tukiwa warefu kidogo kuliko tulivyolala. Diski iliyojaa maji hubanwa zaidi kiuno kinapopinda. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti uliowahusu watu wenye maumivu sugu ya kiuno: waliofundishwa kuepuka kupinda kiuno asubuhi na mapema walipungukiwa na maumivu. Mkulima wa Bariadi anaondoka alfajiri kwenda shambani, na madarasa mengi ya yoga hupangwa saa hizohizo. Mwalimu aliyeelewa jambo hili ataanza asubuhi kwa kutembea, kusimama na kufungua mabega, kisha aache mikao ya kuinama hadi mwili uwe umeamka kwa muda wa kutosha.

Nyonga ndiyo inayofundisha heshima kuliko kiungo kingine. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya tundu la nyonga kama mchi ndani ya kinu, na fundi hakuchonga vinu vyote sawa. Kwa mmoja tundu ni la kina, kwa mwingine ni pana. Kwa mmoja linatazama mbele, kwa mwingine linatazama ubavuni. Shingo ya mfupa wa paja hukutana na fimbo yake kwa pembe ambayo kwa watu wazima wengi iko karibu na nyuzi 125 hadi 130, lakini wapo walio mbali na wastani huo kwa pande zote mbili. Watu wawili wenye umri mmoja, kazi moja na bidii moja wanaweza kukaa kitako na miguu iliyokunjwa kwa namna mbili tofauti kabisa, na hakuna aliye mvivu.

Hatari kubwa iko kwenye padmasana, mkao wa kukaa na nyayo juu ya mapaja. Unataka nyonga igeukie nje kwa kiasi kikubwa. Nyonga ikigota, anayevuta mguu kwa mkono analipeleka geuko hilo kwenye goti, na goti limeumbwa kukunja na kukunjua. Kugeuka kwake ni kudogo mno. Gegedu zilizo ndani yake ndizo hubanwa na kuchanika. Kwa hiyo kila anayekaa mkao huu aulizwe unyoosho anausikia wapi. Akisema nyongani, aendelee kwa utulivu. Akisema gotini, aachie hapohapo.

Kuna mkao unaoweza kudanganya zaidi huko Simiyu: kusimama kwa kichwa. Ni rahisi kudhani kwamba mama aliyebeba ndoo tangu utotoni ana shingo iliyo tayari. Kwa kweli ustadi wake ni wa ajabu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo nchini Kenya, vilivyoonyesha kwamba wangeweza kubeba kichwani hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya pale wanapotembea mikono mitupu. Kwa mwenye kilo 60, hiyo ni kilo 12. Vipimo vya kusimama kwa kichwa, vilivyofanywa kwa watu wenye uzoefu wa mkao huo, vilikuta kichwa kikibeba kati ya asilimia 40 na 48 ya uzito wa mwili. Kwa mtu huyohuyo ni kilo 24 hadi karibu 29, zaidi ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Tena ndoo hushushwa kichwani kwa uangalifu shingo ikiwa wima, ilhali anayejifunza huirusha miguu juu, na uzito humwangukia ghafla shingo ikiwa imepinda. Wenye shinikizo la juu la damu na ugonjwa wa presha ya macho wana sababu nyingine ya kuuepuka. Katika darasa la jumla mkao huu hauna ulazima wowote.

Anatomia inamfundisha mwalimu pia mpaka wake. Mwanafunzi mwenye maumivu yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi hafai kunyooshwa. Apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari. Ganzi ikifika sehemu za siri, au mtu akishindwa kuzuia mkojo, ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo.

Nchi ina watu wa kufundisha haya. Hospitali ya KCMC ya Moshi imefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo kadhaa. Kwa mwalimu wa yoga au kiongozi wa klabu ya mazoezi Bariadi, siku chache na mtaalamu wa aina hiyo zinafaa kuliko kitabu kinene: aguse mifupa yake ya kukalia, aone nyonga za watu kumi zinavyotofautiana, aangalie mkunjo wa anayepalilia na wa anayegusa vidole vya miguu. Waandaaji wa kampeni za mazoezi nao waanze kumuuliza kila anayesimama mbele ya watu amejifunza wapi mwili unavyofanya kazi. Wakulima wa Simiyu wanaishi kwa viungo vyao. Kiuno kikiumia kwenye mkeka Jumamosi, palizi inasimama Jumatatu, na mwalimu anayejua hilo atajifunza kwanza ndipo asukume.