Chombo Kilichoonja Hewa ya Mirihi

Chini ya Mlima Kiejo, wilayani Rungwe, ardhi hutoa gesi. Ni kabonidayoksaidi itokayo tumboni mwa volkano, na kampuni ya TOL Gases huivuna kwa ajili ya viwanda vya soda na bia. Huenda wengi wetu Tukuyu tumeinywa bila kujua kwamba imetoka jirani.

Gesi hiyohiyo ndiyo asilimia 95 ya hewa ya sayari ya Mirihi. Ila hewa ya kule ni hafifu mno: mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya huu wetu wa milimani. Na bado Mirihi imejaa mabonde ya mito iliyokauka. Maji hayawezi kutiririka chini ya hewa hafifu namna hiyo. Yangechemka au kuganda. Basi hewa nzito ya zamani ilikwenda wapi? Tarehe 18 Novemba 2013, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo cha MAVEN kwenda kutafuta jibu, kazi ikiongozwa na Bruce Jakosky wa Chuo Kikuu cha Colorado.

Kikiizunguka Mirihi, kwa kawaida chombo kilishuka hadi kilomita 150 hivi juu ya sayari, kisha kikapanda tena mbali. Kwa vipindi maalumu wahandisi walikishusha zaidi, hadi karibu kilomita 125, ambako hewa ni nzito mara 30 hivi kuliko ile ya kilomita 150. Walikiteremsha kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, wakipima hewa inavyokisukuma, maana hewa ya Mirihi hubadilika na hesabu ya leo haitoshi kesho. Nacho chenyewe kiliundwa kwa shughuli hiyo. Tazama mabawa yake ya sola: ncha zimekunjwa kwa nyuzi 20, ili chombo kikipigwa na hewa kijinyooshe chenyewe, kama mshale wenye manyoya. Hakuna injini ya ziada wala tone la mafuta. Ni mkunjo tu. Nauona ufundi wa hali ya juu.

Ila kinachonivutia zaidi ni shahidi waliyemchagua wanasayansi: gesi ya argoni. Kabonidayoksaidi ikipungua, huenda imemezwa na miamba au imeganda kwenye ncha za sayari. Argoni haiungani na kitu chochote. Ikipungua kwa wingi, imetorokea angani. Wakapima argoni ya atomi nyepesi na ya atomi nzito, kimo kwa kimo. Nyepesi huelea juu zaidi, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kung'olewa kwa nguvu ya upepo wa jua, yaani chembe zinazovuma kutoka kwenye jua, kwani Mirihi haina tena sumaku ya kuikinga sayari nzima. Uwiano wa kilichobaki ukawapa jibu walilolitangaza mwaka 2017: karibu asilimia 65 ya argoni iliyowahi kuwemo katika hewa ile imeshapotea.

MAVEN kilipangiwa mwaka mmoja wa kazi huko Mirihi. Kilifanya kazi zaidi ya miaka kumi.