Uamuzi Usioamuliwa: Uhakiki wa Mjadala wa Wanahistoria Kuhusu Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki

Mwezi Februari 1947, Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani hadi Septemba 1945, alichapisha katika jarida la Harper's Magazine makala yaliyoeleza sababu za nchi yake kutumia bomu la atomiki. Kichwa cha makala kiliutaja moja kwa moja uamuzi wa kulitumia. Yalibeba jina la mtu mmoja, ila hayakuwa kazi ya mtu mmoja. James Conant, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard na mmoja wa waliousimamia mradi wa bomu, ndiye aliyehimiza yaandikwe ili kuzijibu lawama zilizokuwa zimeanza kusikika, na McGeorge Bundy, aliyekuwa bado kijana, alishiriki kwa kiasi kikubwa kuyaandika. Hoja yake ilieleweka kwa wepesi: njia zilipimwa, uvamizi wa Japani ungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani peke yake zaidi ya watu milioni moja kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na bomu likachaguliwa kuwa lenye madhara madogo zaidi.

Tangu hapo karibu kila mwanahistoria wa suala hili amekuwa akijibizana na makala hayo. Inayodaiwa hapa ni kwamba wengi wao, wakiwemo waliompinga Stimson vikali, waliyakataa majibu yake huku wakiyahifadhi maswali yake. Na chombo kilichoyahifadhi maswali hayo ni neno uamuzi.

Kiswahili kina faida fulani katika kulichunguza neno hili. Kuamua, kabla ya kuwa kazi ya kiongozi aliye peke yake ofisini, ni kuwatenganisha wanaopigana au kukata shauri kati ya wawili. Ndiyo maana mwamuzi wa mpira na mwamuzi wa kesi huitwa kwa jina moja. Neno linadai kuwepo kwa pande mbili na mtu anayesimama katikati yao. Swali la mhakiki, basi, ni la kweli na wala si mchezo wa maneno: je, kati ya Aprili na Agosti 1945 shauri la kutumia au kutotumia bomu liliwahi kufikishwa mbele ya Rais Harry Truman kama shauri?

Wapinzani wa kwanza wa Stimson hawakuliuliza swali hilo. Mwanafizikia Mwingereza P. M. S. Blackett mwaka 1948, na kwa upana zaidi Gar Alperovitz katika kitabu chake cha 1965 kuhusu diplomasia ya atomiki, walidai kwamba shabaha halisi ya bomu ilikuwa Muungano wa Kisovieti na kwamba Japani ilikuwa karibu kusalimu amri. Alperovitz aliwafundisha wasomaji wake kuzisoma shajara za viongozi, hasa ya Stimson mwenyewe, pamoja na taarifa rasmi, na kwa hilo taaluma nzima ina deni kwake. Hata hivyo hoja yake inahitaji Truman na Waziri wa Mambo ya Nje James Byrnes wawe wamezipima njia zote kwa utulivu kuliko hata Stimson alivyodai. Ikiwa Stimson alichora mwamuzi mwenye huruma, Alperovitz alichora mwamuzi mwenye hila. Mwamuzi mwenyewe alibaki palepale. Isitoshe, kuona manufaa ya ziada katika tendo hakuthibitishi kwamba manufaa hayo ndiyo yaliyolizaa tendo.

Waliokaribia zaidi kuuondoa msingi huo ni Martin Sherwin, katika kitabu cha 1975, na Barton Bernstein katika mfululizo mrefu wa makala. Wao walionyesha kwamba Truman, aliyeshika madaraka tarehe 12 Aprili 1945, alirithi kutoka kwa Roosevelt mradi pamoja na dhana kwamba silaha ikikamilika itatumika. Kamati ya Muda iliyokutana mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni ilijadili namna ya kulitumia bomu zaidi ya kujadili kama litumike, na ikapendekeza shabaha iwe kiwanda cha vita kilichozungukwa na makazi ya wafanyakazi, bila onyo la kabla. Ripoti ya James Franck na wanasayansi wenzake wa Chicago, ya tarehe 11 Juni, iliyotaka bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo watu, ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa upande wa pili wa shauri. Iliishia kwenye jopo la washauri wa kisayansi.

Kuanzia miaka ya 1990 macho ya wataalamu yalihamia Tokyo, na hapo mjadala ukapata utajiri wake wa kweli. Richard Frank, katika kitabu cha 1999, alitumia mawasiliano ya siri ya Kijapani yaliyonaswa na Wamarekani. Yalionyesha majeshi yakiongezeka kwa kasi kisiwani Kyushu, mahali hasa ambapo uvamizi ulipangwa kuanza tarehe 1 Novemba. Yalionyesha pia kwamba balozi Sato alipodokeza kutoka Moscow kwamba Japani ikubali kushindwa kwa sharti la kubakiza ufalme tu, Waziri wa Mambo ya Nje Togo alimkatalia. Wanaodai kwamba ahadi ya kumwacha Mfalme ingetosha kumaliza vita mwezi Julai hawajaijibu telegramu hiyo kwa namna ya kuridhisha. Hasegawa Tsuyoshi, katika kitabu cha 2005 kilichotumia vyanzo vya Kirusi, Kijapani na Kiingereza, alijibu kwamba kilichoivunja Tokyo ni kuingia vitani kwa Wasovieti, kwa kuwa Moscow ndiyo iliyokuwa mlango wa mwisho wa upatanishi.

Ushahidi wa siku zile haumkubalii kwa urahisi yeyote kati yao. Wasovieti walitangaza vita jioni ya tarehe 8 Agosti. Baraza Kuu la Vita lilikutana asubuhi ya tarehe 9, likiwa na habari za Hiroshima na za Manchuria pamoja, na habari za Nagasaki zikalikuta kikaoni. Bado wajumbe sita walibaki wamegawanyika watatu kwa watatu kuhusu masharti. Tangazo la Mfalme la tarehe 15 lilitaja bomu jipya la kikatili wala halikuwataja Wasovieti. Tangazo lake kwa wanajeshi, siku mbili baadaye, liliwataja Wasovieti wala halikulitaja bomu. Mwenye kuchagua tangazo moja na kuliacha jingine anajua tayari anakotaka kufika. Lakini kuna dosari kubwa zaidi kuliko ya kuchagua ushahidi. Swali la nini kiliifanya Japani isalimu amri ni swali halali la Tokyo. Likitumiwa kuhalalisha au kulaani kilichofanywa Washington, linageuka kuwa hukumu inayotolewa kwa matokeo ambayo watendaji hawakuyajua.

Hesabu za vifo zimeumia zaidi katika mabishano haya. Tarehe 15 Juni 1945, wapangaji wa pamoja wa vita wa Marekani walikadiria kwamba kuvamia kusini mwa Kyushu na kisha uwanda wa Tokyo kungeleta wanajeshi 40,000 waliouawa, 150,000 waliojeruhiwa na 3,500 waliopotea. Siku tatu baadaye, Ikulu, Jenerali George Marshall alieleza kwamba hasara ya siku 30 za kwanza kisiwani Kyushu haitarajiwi kuzidi ile ya Luzon, yaani watu 31,000, majeruhi wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Kutoka hapo idadi zilipanda ngazi: zaidi ya milioni katika makala ya Stimson, nusu milioni ya roho za Wamarekani katika kumbukumbu alizochapisha Truman mwaka 1955. Neno la kijeshi la Kiingereza linalojumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea lilisomwa kama vifo vitupu, na mfasiri wa Kiswahili asiye mwangalifu hunasa katika mtego uleule. Ni kweli, kama Frank anavyosisitiza, kwamba makadirio ya Juni yalikuwa yanapitwa na wakati kadiri Kyushu ilivyozidi kujaa askari. Ni kweli pia kwamba watu wa Asia waliokuwa chini ya utawala wa Japani waliendelea kufa kila mwezi wa vita. Hoja hizo zinastahili kujibiwa. Hazigeuzi idadi iliyoandikwa 1947 kuwa idadi iliyosomwa 1945. Mwaka 1995 Jumba la Makumbusho la Anga la Smithsonian lilipofuta maonyesho yake ya ndege ya Enola Gay, na mkurugenzi wake Martin Harwit akajiuzulu, ubishi juu ya makadirio haya ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha moto. Waliokufa kweli, wanaokadiriwa kuwa takriban 140,000 Hiroshima na 70,000 Nagasaki kufikia mwisho wa 1945, walijadiliwa kwa sauti ya chini kuliko waliodhaniwa kwamba wangekufa.

Kinachobaki ni nyaraka za tendo lenyewe. Agizo la kutumia bomu lilitiwa saini tarehe 25 Julai na Jenerali Thomas Handy, aliyekaimu nafasi ya Marshall, kwenda kwa Jenerali Carl Spaatz. Liliruhusu bomu la kwanza lidondoshwe hali ya hewa ikiruhusu baada ya takriban tarehe 3 Agosti, juu ya mmoja wa miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata au Nagasaki. Mabomu mengine yangefuata kadiri yalivyokuwa tayari. Azimio la Potsdam lilitolewa siku iliyofuata agizo hilo. Ndiyo sababu kisa maarufu cha tafsiri ya mokusatsu hakina uzito kinachopewa. Neno hilo, ambalo Waziri Mkuu Suzuki aliripotiwa kulitumia tarehe 28 Julai, huandikwa kwa alama za kimya na kuua. Linaweza kufasiriwa kama kunyamaza bila maoni au kupuuza kwa dharau, karibu kama Kiswahili kinavyoweza kusema kwamba mtu amelinyamazia jambo bila kueleza kama anatafakari au anadharau. Wapenzi wa lugha hukitaja kisa hiki kama mfano wa mfasiri aliyeangamiza miji miwili. Lakini agizo lilikuwa limekwisha kutiwa saini siku tatu kabla, na halikusubiri jibu la yeyote. Lingeweza tu kusimamishwa. Nagasaki haikuwa hata shabaha ya kwanza ya tarehe 9 Agosti. Ilikuwa Kokura, na kutoonekana kwa mji huo kutoka angani ndiko kulikowaelekeza marubani kwingine.

Tendo moja la Truman lina sura kamili ya uamuzi. Tarehe 10 Agosti ilitoka amri kwamba bomu jingine lisidondoshwe juu ya Japani bila idhini ya wazi ya Rais. Henry Wallace, waziri wake wa biashara, aliandika katika shajara kwamba Rais aliona wazo la kufuta watu wengine 100,000 kuwa la kutisha mno. Inaweza kupingwa kwamba aliyeweza kusimamisha tarehe 10 angeweza kusimamisha tarehe 5, na kwamba kuacha jambo liende nako ni kuamua. Pingamizi hilo ni zito, na linampa Truman dhima ambayo picha ya mkondo usiozuilika ingemwondolea. Lakini linabadilisha kinachotafutwa: badala ya nia iliyofichwa nyuma ya chaguo, wanatafutwa waliokuwa na uwezo wa kusimamisha, ngazi kwa ngazi, na kinachoulizwa ni nini kilifanya kila mmoja auone uwezo huo kuwa wa mwingine. Kwa mshauri wa sera, hilo ni swali linaloweza kuchunguzwa katika nyaraka. Nia za marehemu hazichunguziki kwa kiwango hicho.

Mkondo huo ukifuatwa hadi chimbuko lake, hauanzii Washington. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa kampuni ya Union Minière huko Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa amesafirisha takriban tani 1,200 za mawe yenye urani hadi New York mwaka 1940, na Kanali Kenneth Nichols akazinunua Septemba 1942. Mgodi ukafunguliwa upya. Shehena zilizofuata zilienda kwa reli hadi Port-Francqui, kwa boti hadi Léopoldville, kisha kwa reli hadi Matadi. Susan Williams, katika kitabu cha 2016, ameeleza jinsi majasusi wa Marekani walivyoilinda njia hiyo, na Gabrielle Hecht mwaka 2012 alikwisha kuuliza ni nani huhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya nyuklia na ni nani huachwa nje. Vitabu vinavyobishana juu ya uamuzi humtaja Sengier katika sura ya awali kama vinamtaja, kisha havirudi Katanga tena. Serikali ya Marekani ilimpa nishani mwaka 1946. Wachimbaji waliotoa mawe hayo, katika eneo ambako Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya kambi za migodi, hawamo upande wowote wa mjadala, kwa kuwa mjadala unaotafuta chumba kimoja na siku moja hauna mahali pa kuwaweka.