Uthabiti si uhalali: dodoso la sonona kwa Kiswahili



Haya nina deni nayo tangu 2019. Mwaka huo kituo kimoja cha afya hapa Uingereza kiliniletea nakala ya Kiswahili ya dodoso la kupimia sonona (ndugu zetu wa Kenya huiita unyogovu). Niliambiwa niisome, nitie sahihi kwamba tafsiri ni sawa, nipokee ujira wangu. Sikutia. Nilipoeleza sababu, bwana mmoja mwenye shahada zake akanijibu kwa upole kwamba chombo hiki kimeshathibitishwa zamani, uthabiti wake unajulikana, na kazi yangu mimi ni lugha tu. Hiyo "lugha tu" ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu vya mbinu za utafiti wa saikolojia, na ndiyo ninayotaka kuibishia leo.

Dodoso lenyewe ni PHQ-9, lililochapishwa 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayefikisha 10 anatazamwa kwa makini. Walilijaribu kwa wagonjwa 6,000 wa Marekani, na 580 kati yao wakahojiwa pia na mtaalamu wa afya ya akili ili majibu yalinganishwe. Wakaona kwamba katika kila watu 100 wenye sonona kubwa lilinasa 88, na katika kila 100 wasio nayo liliwaachia 88. Si kazi ya ovyo hata kidogo. Ni fupi, ni la bure, na kwa watu waliopimwa pale linafanya kazi yake.

Sasa kuna maneno mawili ambayo hata tasnifu zetu huyachanganya. Kwa la kwanza mmoja ataandika uaminifu, mwingine utegemevu, wa tatu uthabiti; kwa la pili utakuta uhalali, usahihi, na hata ukweli. Mimi nashika uthabiti na uhalali. Uthabiti ni kwamba ukipima kitu kilekile leo na kesho unapata jibu lilelile, au kwamba maswali ya dodoso moja yote yanavuta upande mmoja. Uhalali ni kwamba kinachopimwa ndicho hasa ulichodai unakipima. Waliouza karafuu wanalielewa hili kuliko sisi. Mizani iliyochezewa ikala robo kilo kwenye kila gunia ni thabiti kabisa, kila ukienda inakuibia robo ileile.

Yule bwana alinitajia alfa ya Cronbach, kipimo cha 1951 ambacho watafiti wengi hukitaja kana kwamba ni cheti cha ubora. Alfa inaonyesha jinsi majibu ya maswali mbalimbali yanavyokwenda pamoja. Ni jambo la maana, lakini ni la uthabiti, na hata ikiwa juu haikuambii kwamba mhojiwa alielewa ulichomuuliza.

Nitoe mfano ulionifanya nikatae sahihi. Majibu ya PHQ-9 ni manne, na katika nakala ile yaliandikwa: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Hebu lisomeni tena lile la tatu. Kwa Kiingereza siku ziko katika wingi, utata hakuna. Kwetu siku ni siku, iwe moja iwe mia. Miezi michache baadaye niliitwa kumkalimania mama wa makamo kutoka Mombasa, na karatasi ni hiyohiyo. Akaulizwa kuhusu kukosa raha, akafikiri, akasema: "Nusu ya siku? Hasa asubuhi, mwanangu. Kila asubuhi. Mchana nikishapata shughuli huondoka." Karani akatia 2 na kusonga mbele, ilhali kwa maelezo yake mwenyewe jambo hilo lilikuwa la kila siku, yaani 3.

Alama moja tu, mtasema. Lakini majibu hayo manne ndiyo ya maswali yote 9, na anayeyaelewa vibaya huyaelewa vibaya tangu la kwanza hadi la mwisho. Na hapa ndipo penye kinaya: kosa linalojirudia sawasawa katika kila swali halishushi alfa, huenda hata likaipandisha, kwa sababu majibu yanazidi kufanana. Dawa yake ilikuwa rahisi, "zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14", na niliiandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Hoja ya pili ya yule bwana ilikuwa tafsiri rejeshi: mmoja anatafsiri kuja Kiswahili, mwingine asiyeona asili anarudisha kwa Kiingereza, halafu matoleo mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Brislin aliieleza njia hii 1970 na ina faida yake. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba humzawadia mfasiri wa neno kwa neno. Chukueni dodoso jingine la sonona, CES-D la 1977, lenye swali linalotumia ule msemo wa Kiingereza unaoihusisha huzuni na rangi ya bluu. Andika "nilijisikia bluu" na msomi yeyote ataurudisha msemo ule bila taabu, tafsiri imefaulu. Andika "nilikuwa na mawazo", neno ambalo mtu wetu yeyote, msomi au muuza samaki, angelielewa, nalo litarudi kana kwamba mhojiwa ni mwanafalsafa. Limeanguka! Na hiyo "nusu ya siku" iliupita mtihani huo kwa sababu mrejeshaji ameshaona madodoso ya namna hii mara nyingi, akajaza wingi wake mwenyewe.

Wapo waliofanya vizuri zaidi, na si Ulaya. Sylvia Kaaya na wenzake walijaribu dodoso la Hopkins la maswali 25 kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam (2002), kisha 2008 wakachapisha matokeo ya chombo cha kienyeji cha maswali 19. Fikirini ugumu wa kazi ile: mjamzito mgonjwa akisema amechoka, halali, chakula hakipiti, unahesabu sonona, mimba au virusi? Kusini-magharibi mwa Uganda nako, Bolton na wenzake waliwauliza wanakijiji kwanza wanaita nini hali hizi, wakapewa majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, ndipo wakapima, na jaribio la tiba lililofuata likachapishwa 2003. Walianza na neno la mwenye maumivu. (Kwa upande wetu, sijui nani atamuuliza mfungaji mwezi 20 wa Ramadhani kama usingizi na ulaji wake umebadilika wiki 2 hizi, akategemea jibu la maana.)

Halafu kile kikomo cha 10. Tuseme tafsiri ni safi kabisa na zile 88 kwa 88 zinasimama hata kwetu. Wapime watu 1,000 msikitini au kanisani, na tuchukulie wenye sonona ni 50. Dodoso litanasa 44. Katika wale 950 wazima litawashika 114. Jumla 158 wanaambiwa wana dalili, na wenye ugonjwa hawafiki hata theluthi. Ndiyo maana dodoso ni la kuchujia, baada yake lazima mtu aketi na mtu. Sasa rudisheni ndani ya hesabu hiyo nakala yenye "nusu ya siku" isiyo na maana moja, mniambie asilimia zinazoandikwa kuhusu "wasemaji wa Kiswahili ughaibuni" ni za nani. Maana sampuli zenyewe humweka Mkongo wa Bukavu, Mbarawa na Mzanzibari wa London kapu moja, wote wakapewa karatasi moja ya Kiswahili sanifu.

Nakala ile ilisainiwa na mtu mwingine wiki iliyofuata. Ile ya mama wa Mombasa ilikuwa na sahihi hiyo, na kalamu yangu nyekundu haimo. Mwenye nakala inayotumika Maskati, Toronto au Minneapolis naomba aiweke hapa, tuanze na hilo jibu la tatu tuone limeandikwaje.