Habari ya Juni Inayofika Oktoba

Mkulima wa chai wa Chepseon, nchini Kenya, ana njia mbili za kuuza majani mabichi: ayapeleke kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, wakala wa ustawishaji wa chai nchini, au amuuzie mnunuzi binafsi. Viwanda vya KTDA hufunga hesabu Juni 30, na bonasi hutangazwa kuelekea Oktoba. Tarakimu hiyo ndiyo gumzo hadi tangazo jingine. Habari anayoitegemea mkulima basi ina umri wa miezi 3 ikiwa mpya, na hufikia 15 kabla ya kubadilishwa.

Uchaguzi kama huo una modeli yake. Mwaka 1993 mwanauchumi Alan Kirman aliunda modeli ya sisimizi wanaochagua kati ya marundo mawili ya chakula: kila mmoja huhama kwa hiari yake, au kwa kumfuata aliyekutana naye. Mwaka 2024 Aleksejus Kononovicius wa Chuo Kikuu cha Vilnius na wenzake waliichukua modeli ya aina hiyo, wakaondoa kukutana ana kwa ana, wakaweka kura ya maoni ya kila kipindi. Matokeo ya kura moja hutangazwa siku ya kura inayofuata, na hapo ndipo penye utamu. Kati ya kura ya tatu na ya nne, watu wanafuata matokeo ya kura ya pili. Kipindi kikiwa kifupi, hakuna kinachobadilika. Kikirefuka, watu husahau walikosimama, na kura ya nne inazaliwa na ya pili, ya tano na ya tatu. Kura za shufwa na za witiri zinaachana, maoni yanayumba.

Mawimbi hayo mtu angeyakisia. Kilichonishangaza ni kwamba kipindi cha wastani ndicho kinachowakusanya watu zaidi karibu na katikati. Kikizidi, athari hiyo hupungua.

Sharti la kwamba ucheleweshaji wa matokeo uwe sawa na kipindi ndilo ninalolitilia shaka. Linarahisisha hesabu, lakini kwenye chai uwiano ni miezi 3 kwa 12. Kwa miezi 9 kabla ya Juni mpya, mkulima anafuata Juni iliyotangulia moja kwa moja, kwa hiyo utengano wa shufwa na witiri ungedhoofika sana.

Tena bonasi si hesabu ya vichwa. Mnada wa chai wa Mombasa una neno lake. Lakini umati nao umo: gharama za mishahara na matengenezo ya mitambo hugawanywa kwa kilo zilizopokelewa. Wakulima wakihama, kila kilo iliyobaki hubeba gharama zaidi, bonasi inashuka, na wengine wanahama. Modeli ya Chepseon ingehitaji kubeba yote mawili: tangazo la Oktoba, na uvumi wa sokoni unaofika siku hiyo hiyo unapozuka.